Mashine Iliyoitikia Shikamoo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine katikati ya habari. Wapo watakaopita humu wakionekana kustahili, lakini nafasi ilikuwa imeshajaa.

Nilikuwa nimesimama juu ya kiti cha plastiki ndani ya kibanda changu cha ufundi wa simu na kompyuta, Utemini, Singida mjini, laptopu nimeinyanyua kwa mikono miwili kama mtu aliyeshinda jogoo kwenye mnada wa kanisani.

"Wamekubali! Esta, wamekubali!"

Esta ana banda la chipsi, tunatenganishwa na bati tu. Hakugeuka, mafuta yake yalikuwa yamechemka.

"Wamekubali akina nani? Ukweni?"

"Ukweni bado. Dunia ndiyo imekubali."

"Dunia itakupikia?"

"Leo utanipikia wewe. Mpe kila mtu soda, nalipa mimi."

"Hapo sasa umeongea Kiswahili," akasema, akageuka.

Watu wakanywa soda zangu bila kujua wanasherehekea nini. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alinipongeza kwa kupata mtoto. Nikamshukuru, kwa nini nimharibie?

Sasa ngoja nikueleze wewe, ambaye hujapewa soda. Kuna watu duniani wanaolipwa na makampuni ili wajaribu kuingia kwenye mitandao ya makampuni hayo kabla wezi hawajajaribu. Wakikuta mlango uko wazi wanamwambia mwenye nyumba, naye anafunga. Watu hao wana sanduku lao la zana, na sanduku hilo halina tajiri. Limeandikwa na watu wa kujitolea wa kila nchi, na yeyote anaruhusiwa kulichukua, kulisoma na kuliongezea. Kila zana iliyomo inaitwa moduli. Ukiandika yako unaipeleka, wakaguzi wanaisoma mstari kwa mstari, wanakurudishia, unarekebisha, wanakurudishia tena, mpaka siku wakichoka kukurudishia wanaipokea, na jina lako linaandikwa humo.

Mimi, Nathan wa Misigiri, niliyejifunza kompyuta kwa kuharibu za watu, niliyewahi kulala rumande kwa sababu ya simu niliyoletewa niifungue kumbe ni ya wizi, nilikuwa nimepokelewa. Ile rumande ilinifundisha kitu kimoja: kabla hujafungua kitu cha mtu, uliza kwanza mwenyewe ni nani, na mwenyewe ajue. Nilikuwa nalisema hilo kwa kila mteja. Nilikuwa nimelibandika hata ukutani.

Moduli yenyewe ilianzia Ikungi, kwa Mzee Mughwai. Na kwa Mzee Mughwai nilifikishwa na binti yake, Editha.

Editha alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi mtaa wa pili. Siku ya kwanza aliniletea printa iliyoingiliwa na mende.

"Mende wa kwenu wanasoma sana," nikamwambia. "Wa kwetu Iramba wanakula mkate."

"Wa kwenu wangepata wapi karatasi?" akajibu.

Nikajua huyu nitamwoa. Sikumwambia siku hiyo, ila printa yake niliikawiza kwa makusudi.

Alikuwa amesoma kompyuta chuoni na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Nilipomwonyesha lile sanduku la zana, alikaa nalo kama watu wanavyokaa na tamthilia. Jioni akifunga duka alikuja kibandani, mimi nikitengeneza simu, yeye akinisomea moduli za watu wengine, tunabishana ipi imeandikwa vizuri na ipi imeandikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda chooni. Uchumba wetu ulikuwa hivyo. Sijui wengine wanapelekana wapi.

Baba yake ana mashine ya kukamua alizeti. Wakulima wa kule wanaleta magunia yao, anawakamulia, wanaondoka na mafuta na mashudu yao. Aliyekuwa anaiendesha mashine ni kaka yake Editha, Bonaventura, mtu mkubwa, mpole, ambaye Jumapili anapiga kinanda kwenye kwaya ya parokia. Mwaka juzi Mzee Mughwai alinunua kisanduku kutoka nje ya nchi, cha rangi ya kijivu, kinachowekwa laini ya simu. Kikafungwa ukutani, kikaunganishwa na mota. Tangu hapo Mzee aliweza kuwasha na kuzima mashine akiwa popote. Alikipenda kile kisanduku kuliko baadhi ya watoto wake. Akiwa msibani, katikati ya mazungumzo, anatoa simu, anabonyeza, anasema "Nimezima," na wazee wenzake wanatikisa vichwa. Ile swichi kubwa ya ukutani ya kukata umeme wa mota ikaachwa mpaka ikashika kutu. Mashudu yakikwama kwenye parafujo la kukamulia, Bona alipiga simu tu: "Baba, zima." "Nimezima." Kisha anaingiza mkono, anatoa mashudu.

Jioni moja Editha aliniambia, "Hebu tujaribu cha baba." Akanipa namba ya kisanduku kwenye mtandao. Tukakaa pale Utemini na laptopu yangu, tukakibishia hodi, kikatufungulia. Hakikuuliza neno la siri wala jina. Ukikipelekea ujumbe wa kwanza, wowote, kinakukaribisha mpaka chumbani.

Editha akacheka mpaka akashika meza. "Kinamwitikia kila mtu! Shikamoo, marahaba. Hata hakiulizi mtoto wa nani."

Utani ulianzia kwake, basi. Mimi niliupeleka mbali, kama kawaida yangu. Tukaandika moduli ya kuvipima visanduku vya aina ile, na ujumbe wa kwanza inaopeleka tukauandika neno moja: shikamoo. Kisanduku kikijibu, moduli inaandika kwenye kioo, "Marahaba. Mlango uko wazi." Kikikataa, inaandika, "Mzee hajaitikia." Haiwashi kitu, haizimi kitu. Inaamkia, inasikiliza, basi.

Mkaguzi aliyeishika kazi yetu alijiita Kunguru kwenye mtandao. Sijui ni mwanamume au mwanamke, sijui anaishi wapi, najua tu hakosi kitu. Akauliza shikamoo ni nini. Editha akamwandikia kwamba ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa lazima aitikie, maana kumnyima mtu marahaba ni kumwambia hayupo. Kunguru akajibu, "Nimeipenda. Iacheni hivyo hivyo."

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kila moduli inayopelekwa lazima iende na maelezo, na ndani ya maelezo uweke mfano: nilifanya hivi, ikajibu hivi. Ukiweka mfano unatunga namba ya uongo, ndiyo kanuni. Mimi niliyanakili yaliyokuwa kwenye kioo changu kama yalivyo, nikayapeleka. Mfano wangu ulikuwa na namba ya kweli ya kisanduku, na jina ambalo Mzee mwenyewe alikipa: MUGHWAI ALIZETI IKUNGI.

Kunguru akaandika siku hiyo hiyo. "Hii namba ni ya mashine ya kweli? Iondoe. Na mwenyewe ameshaambiwa?"

Nikajibu, "Ni ya baba mkwe, hana neno," nikaweka na kikatuni cha kucheka.

Namba niliiondoa. Lakini kwenye mradi ule kitu hakiondoki. Kila andiko la zamani linabaki nyuma ya jipya, na mtu yeyote akitaka kujua ulibadilisha nini anafunua, anaona. Nilijua. Nilijua kama unavyojua kwamba mlango wa choo haufungi: unakohoa, maisha yanaendelea.

Waliotengeneza kisanduku tuliwaandikia, hawakujibu. Tukasubiri muda ambao mradi unataka usubiri. Siku moja nilikuwa dukani kwa Editha, mashine ya kopi imepasha chumba moto, akaniambia bila kuniangalia:

"Nathan, twende tukamwambie baba."

"Nitaendaje Ikungi?"

"Kwa basi."

"Acha utani. Posa iko kwa baba yako, mshenga hajarudishiwa jibu. Mimi nikikanyaga pale kwenu sasa hivi si nitaonekana nimekuja kudai mke?"

Na ilikuwa kweli. Mzee Antipasi, mshenga wangu, alikuwa amekwenda kwa heshima zote, na Mzee Mughwai alikuwa amesema atafikiri. Alichokuwa anafikiria tulikijua: mimi Mlutheri, wao Wakatoliki, watoto watabatizwa wapi. Posa ikiwa mezani, mwenye kuposa hapigi hodi ukweni, wala hapigi simu, wala hatumi neno ila kwa kinywa cha mshenga. Hata Misigiri ni hivyo hivyo. Na ungemtuma Mzee Antipasi na neno gani? Kwamba kijana anaomba mkono wa binti, na pia mashine ya mzee ina tundu?

"Basi nimwambie mimi," Editha akasema.

"Ukimwambia wewe atauliza umejuaje. Utamwambia ulimpa nani namba yake? Mchumba gani huyo anayepekua mashine ya ukweni kabla hajaitikiwa?"

Akachukua rimu ya karatasi. Nikaona nimeshinda, nikaongeza. "Ngoja wapokee moduli kwanza. Nitakwenda na jina langu limeandikwa huko duniani. Nitamwambia, baba, nimeona ugonjwa kwenye mashine yako na dawa ninayo mfukoni. Atakataa?"

"Unataka kuingia kwetu kama daktari."

"Ni bora kuliko kuingia kama fundi simu Mlutheri."

Akacheka. Natamani mpaka leo asingecheka. Angenuna, angenitupia ile rimu ya karatasi iliyokuwa mkononi, ningekwenda Ikungi siku hiyo na aibu yangu na bisibisi yangu, na kazi ya kuziba lile tundu ingekuwa fupi kuliko safari. Lakini alicheka, akafuta machozi ya kicheko kwa kanga, akasema, "Haya daktari. Tusubiri."

Moduli ikapokelewa usiku mmoja nikiwa nimelala. Asubuhi nikafungua laptopu, nikaona, nikapanda kwenye kiti. Umenikuta pale.

Soda ilikuwa mkononi wakati simu inaita. Kwenye kioo jina la Editha, aliyekuwa kwao Ikungi tangu jana yake. Nilijua na yeye ameona, majina yetu yote mawili yalikuwa humo. Nikapokea nikiwa bado juu ya kiti, nikaweka sauti kubwa ili Esta asikie.

"Shikamoo mke wa mtaalamu! Sema marahaba!"

Nyuma yake watu wengi wanasema kwa pamoja, Kinyaturu, haraka haraka.

"Sema marahaba bwana, watu wanakunywa soda hapa!"

"Nathan," akasema. "Mashine imejiwasha."

"Mashine ipi?"

"Mkono wa Bona uko ndani."

Esta ndiye aliyenyoosha mkono akaizima ile sauti kubwa. Nilishuka kwenye kiti. Nalikumbuka hilo, nilishuka polepole, nikitafuta chini kwa mguu kama mtu anayevuka mto.

Hospitalini waliukata mkono juu kidogo ya kifundo. Mkono wa kulia. Nilipofika wodini Bona alikuwa ameamka, bandeji nyeupe imelala juu ya shuka kama kitu alichowekewa na mtu mwingine amshikie.

"Shemeji," akasema. Alikuwa ameshaanza kuniita hivyo, ingawa baba yake hajajibu. "Umekuja."

"Pole, Bona."

"Baba alizima, shemeji. Nilimpigia, akaniambia nimezima, na kweli ilizima. Nikasubiri mpaka ikatulia kabisa. Ndipo nikaingiza mkono." Alikuwa anaeleza kama mtu anayejitetea kwa mwalimu. "Usije ukafikiri nilifanya haraka."

"Sifikiri hivyo."

"Sasa kwenye kwaya itabidi nipige besi tu." Akainua mkono wa kushoto, akachezesha vidole hewani. "Huku kwa kulia mtafute mtu."

Alikuwa anataniana na mimi. Mimi ambaye watu wananiita nikawachangamshe msibani nilimshika mguu kupitia shuka. Nikasema tena pole.

Editha alikuwa kwenye korido, kwenye benchi la mbao, kanga ameivuta mpaka kidevuni. Nikakaa. Hakusogea karibu wala mbali. Akanipa simu yake.

"Soma."

Baba yake alikuwa amekinyofoa kile kisanduku ukutani kwa nyundo, lakini kabla ya hapo Editha alikuwa ameingia ndani yake na kupiga picha kumbukumbu zake. Kisanduku kinahifadhi kila ujumbe kinaopokea. Nikaona amri za Mzee kutoka kwenye simu yake: washa, zima, washa, zima. Ya mwisho, zima. Chini yake, kutoka namba ya nchi nyingine, shikamoo. Kisha tena, shikamoo. Chini yake, washa.

"Dunia nzima," Editha akasema, "ni nani anayeamkia mashine?"

Hatujamjua mtu yule mpaka leo. Huenda alikuwa mtoto aliye likizo. Huenda alifunua maandiko yetu ya zamani, akakuta namba, akaijaribu, akaona neno washa akataka kuona litafanya nini. Hakuona kitu, bila shaka. Alipo yeye hakuna kilichopiga kelele. Nilimwandikia Kunguru nikamweleza yote, sikuweka kikatuni. Alijibu maneno machache ya huzuni, akalificha lile andiko la zamani kadiri alivyoweza, akasema watu wengi walikuwa wameshalichukua. Moduli ilibidi ibaki, akasema, maana visanduku vile viko vingi na wenye navyo lazima wajue. Alikuwa sahihi. Majina yetu bado yako humo, la Editha na langu, moja chini ya lingine. Hakuna mahali pengine yameandikwa hivyo.

Editha alirudi Ikungi kumuuguza kaka yake, duka akalifunga. Simu zangu hakupokea. Kisha Mzee Antipasi akaja kibandani, akavua kofia, na mimi nikajua.

"Posa imerudi, mwanangu."

"Kwa sababu ya ubatizo?"

"Ubatizo hawakuutaja. Binti mwenyewe amemweleza baba yake kila kitu."

Nikamwomba anipeleke Ikungi. Akakataa, akasema posa ikirudi hapaendwi. Nikamwomba tena mpaka akaniona nimekuwa mzigo, akakubali. Nikavaa shati jeupe. Sijui nilifikiri shati litasema nini.

Uwanjani kwa Mzee Mughwai wakulima wawili walikuwa wanapakia magunia yao kwenye mkokoteni wa punda, wanayapeleka kwa mtu mwingine akawakamulie. Mashine ilikuwa kimya. Ukutani, kilipokuwa kisanduku, palikuwa na matundu manne na alama ya kijivu. Ile swichi kubwa ilikuwa imesuguliwa kutu, imepakwa rangi nyekundu, na imeshushwa chini.

Mzee Mughwai alikuwa amekaa kwenye benchi, anashona gunia kwa sindano ndefu.

"Habari za Singida, Antipasi?" akasema.

"Njema, mzee mwenzangu. Poleni."

"Tumeshapoa. Karibu."

Nikapiga hatua, nikainama kidogo. "Shikamoo baba."

Sindano ikaingia, ikatoka upande wa pili, uzi ukavutwa.

Nikafikiri hajasikia. "Shikamoo baba."

Akamwita Editha kwa Kinyaturu. Editha akatoka na kiti. Kimoja. Akakiweka nyuma ya Mzee Antipasi, akampigia magoti kumwamkia, akaitikiwa. Kisha akasimama kando ya baba yake, mikono ameifunga kifuani. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumwambia mende wa Ikungi wamemaliza chakula, na nikajichukia kwa kuwa neno hilo lilikuja lenyewe.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

Sindano.

"Kamwombe Bona," Editha akajibu.

"Bona nilimwomba, hospitalini."

"Ulimpa pole. Pole hata muuza karanga alimpa. Wewe ulimwambia ulichofanya?"

Sikuwa nimemwambia. Ningejibu hivyo, nikaishia hapo, huenda habari hii ingekuwa na mwisho mwingine. Lakini mtu aliyezoea kujibu hajui kuacha.

"Editha, wewe unajua ile moduli haiwashi kitu. Inapima tu. Aliyewasha ni mtu mwingine. Na waliotengeneza kile kisanduku si tuliwaandikia? Wamejibu? Na hiyo swichi hapo ukutani, ingeshushwa siku ile kama ilivyo sasa, mtu angeamkia mpaka kesho, mota isingezunguka."

Mzee Antipasi akakohoa. "Nathan."

"Nasema ukweli tu, mzee."

"Mwache amalize," Editha akasema. "Malizia."

Nikamalizia. Mungu anisamehe, nilimalizia.

"Na wewe ulijua. Ulijua kama mimi."

Sindano ya Mzee Mughwai ikasimama katikati ya gunia. Wale wakulima wa mkokoteni wakajifanya wanakaza kamba. Editha hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nikawa sina la kufanya na uso ule mkavu.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana kila asubuhi vifungo vya shati la Bona navifunga mimi. Baba nilimwambia kwa mdomo wangu, hapa hapa, nimepiga magoti. Wewe umekuja na swichi."

"Nimekuja na moyo wangu, Editha."

"Umekuja na shati jeupe."

Kutoka ndani, dirisha likiwa wazi, nikasikia kinanda. Ni kile kidogo cha betri anachofanyia mazoezi. Sauti za chini tu, moja moja, taratibu, zikitembea chini ya wimbo ambao juu yake hakukuwa na kitu. Sote tulisikiliza. Mzee Mughwai aliinamisha kichwa juu ya gunia.

Sikutaka tena mke, wala sikutaka kuambiwa sina kosa. Nilitaka neno moja tu la kuondoka nalo, neno ambalo hata mlevi wa njiani anapewa.

"Basi Editha, nakuomba kitu kimoja," nikasema. "Mwambie baba aniitikie. Nimemwamkia tangu nimefika, nimesimama hapa kama mti. Posa amerudisha, sawa, ni haki yake. Lakini shikamoo haikataliwi. Wewe mwenyewe uliandika hivyo, kwamba mkubwa lazima aitikie. Aniitikie tu, niende zangu."

Editha akamtazama baba yake, akanitazama mimi.

"Shikamoo yako iliitikiwa siku ile ile, Nathan. Pita ndani umuulize Bona iliitikiwa kwa mkono gani."